Shoti

Neno aliniletea mwanangu Rehani, wa darasa la sita,
limeandikwa kwa penseli
kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne:
*Shoti. Eleza maana, taja asili. Alama tano.*

Mimi ni karani wa ghala hapa Newala.
Ni msimu wa korosho, vumbi la magunia
limenikaa mpaka kwenye kope.
Neno hilo nalijua, asubuhi ile ile
nilikuwa nimeliandika kwa wino mwekundu:
*Mama Nantanga, gunia tatu, shoti kilo nne na nusu,*
naye akautazama mzani
kama mtu aliyetukanwa na mkwewe.

Nikamwambia Rehani: shoti ni kile
mzani unachokudai, nawe huna.
Akaandika. Akafuta.
"Mwalimu kasema ndani yake mna farasi."

Farasi!
Juu huku uwandani, ambako maji yenyewe
yalikuwa yakipanda mlima kichwani mwa mama zetu?
Farasi nimjuaye mimi ni wa kalenda
ya duka la rangi, mweupe, mwezi wa tatu na wa nne,
miguu yote hewani,
chini yake kivuli kidogo kama sahani.

Tukamwuliza Chilumba, fundi umeme.
Hakujibu. Alitutolea dole gumba jeusi:
"Waya mbili zikikutana bila kupiga hodi.
Iliingia hapa, ikatokea kwenye kiwiko.
Mwendo wake? Huo huo wa farasi wenu."

Bibi Somoe, mama wa mke wangu,
kakulia Mikindani, nyumba yenye punda wa maji.
Yeye alianzia mbali:
telki, hatua fupi fupi, punda ana mzigo na ana haya;
matiti
(hapo Rehani akacheka, akapigwa kofi la kanga)
matiti ni mwendo, mpumbavu we, mzigo umeshuka,
punda kanusa nyumbani;
na shoti
ni pale mwenye punda anapobaki na kamba mkononi.

"Na asili yake, bibi?"
"Nililikuta mjini limeshaoa na kujenga.
Sikuliuliza kabila."

Mpagazi mmoja ghalani akaapa ni la Wahindi.
Dereva wa lori akasema la Wazungu, maana yake fupi.
Fupi vipi, nikasema,
kitu kinachokimbia hivyo kinakuwaje kifupi?
Akafikiri. "Safari ndiyo inayokuwa fupi."
Sikumwamini, ila nililala nalo.
Huenda ni maneno matatu
yaliyogongana mlangoni siku ya mvua,
yakavuliwa viatu,
yakapewa shati moja.

Usiku umeme ukakatika. Kule kwenye nguzo
kitu kilipasuka, mbwa wakajibu.
"Shoti," akasema Rehani gizani, kwa furaha,
kisha nikamsikia akipiga vidole mezani
pa-ta-ra-pa,
kimya,
pa-ta-ra-pa,
kimya.

"Kimya hicho cha nini?"
"Hapo ndipo yuko juu, baba. Kama kwenye kalenda.
Hakuna mguu unaogusa."

Nilikaa na daftari langu la ghala mapajani, silioni.
Pa-ta-ra-pa. Halafu pigo ambalo halipo.
Nikawaza kilo nne na nusu za Mama Nantanga:
ziko wapi saa hii, hewani juu ya barabara ya Kitangari,
hazigusi gunia, hazigusi mzani?

"Andika hivyo," nikamwambia.
Akaandika kwa mwanga wa simu,
herufi zikipandiana mgongoni.
Asili: *Haijulikani. Lilipita kwa kasi.*

Ijumaa karatasi ikarudi.
Tatu juu ya tano.
Rehani akaisoma, akakunja mara nne,
akaniwekea juu ya mzani:
"Shoti mbili, baba."